Mzinga Huua Ukiwa Kimya

Waliokosa kuja Jumamosi wameniomba niyaandike niliyosema ukumbini. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, na utani wake humohumo.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi wadogo zangu mliobanana pale mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutorokea: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Nimeambiwa nizungumzie mzinga. Na neno lenyewe hili lina vituko. Nikimwambia Mkenya mwenzangu kwamba nina mzinga nyumbani, ananiuliza ni wa nini na kama umeshafunguliwa. Nikimwambia Mtanzania nataka kupiga mzinga, anashika mfuko wake na kusema mwezi huu mambo magumu. Na mzee wetu wa Tabora aliyekaa pale mbele, yeye anawaza asali. Leo sizungumzii chupa, sizungumzii kuombana pesa, na nyuki wa Tabora wako salama. Nazungumzia mzinga wa chuma, wa kushindilia baruti, unaolia mpaka vyombo vinatikisika kabatini.

Desemba, Siku ya Jamhuri, niliupiga wangu mara tatu hapo uwanjani. Mnakumbuka. Watoto walipiga kelele, akina mama walipiga vigelegele, na tangu siku ile simu yangu haijatulia. Mjomba, unauzwa wapi? Mjomba, bei gani? Mjomba, naweza kuutengeneza mwenyewe? Lakini nani kati yenu aliniuliza nilikuwa nafanya nini pale baada ya kila mlio? Hakuna. Mlikimbilia pilau. Mimi nilibaki na ndoo. Leo nimekuja kuizungumzia ile ndoo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Darasa la nne tulipelekwa Fort Jesus, na kama watoto wote waliopelekwa pale, tulipanda juu ya mizinga tukaikalia kama punda. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, na mizinga ya zamani bado imelala pale ikitazama bahari. Mwalimu alituambia msiogope, hiyo imeshakufa. Na kweli imekufa. Nadhani hapo ndipo kosa letu linapoanzia, sisi watu wa pwani: mzinga tunaujua kama kiti cha kupigia picha. Wa Unguja wana barabara nzima inaitwa Mizingani, watu wanapita pale wakila urojo. Walio Dubai huusikia Ramadhani ukipigwa magharibi, wanafungua tende. Nani kati yetu amewahi kuona mtu akiusafisha?

Mimi niliona hapa, Pennsylvania. Jirani yangu ni mzee wa Kimarekani, fundi mashine aliyestaafu. Tarehe 4 Julai ya kwanza niliyokaa mtaani kwake nilisikia mshindo, nikalala chini sebuleni. Mke wangu alinicheka mpaka leo hajamaliza. Nilipotoka nikamkuta mzee na kizinga chake, mtutu wake urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, tundu lake upana wa inchi moja, kimekaa juu ya gari la mbao lenye magurudumu mawili. Nikamwambia nifundishe. Akanitazama, akanipa ndoo. Mwaka mzima, ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa ndoo. Sikuwasha utambi hata mara moja.

Sasa nianze na chuma.

Ukizunguka maduka ya vitu vya kale hapa Marekani utakuta vizinga vya kila namna: vya shaba, vya chuma, vya kukalia karatasi zisipeperuke mezani. Vina tundu mbele, vina kitundu juu, vina magurudumu. Kijana mmoja, yupo humu na ameshaanza kucheka, alinitumia picha ya kimoja alichonunua kwa dola 15 barazani kwa watu. "Mjomba, hiki kinalia?" Nikamjibu: kinalia mara moja, halafu mnaanza kulia nyinyi.

Wa pili hakuwa na mchezo kabisa. Alikuja na bomba la maji, kipande cha futi moja, upande mmoja amefunga kifuniko cha kuzungusha, akasema fundi wa kuchomelea yupo, tundu la utambi atatoboa mwenyewe. Jamani! Bomba la maji limetengenezwa libebe maji. Lina mshono ubavuni, na zile nyuzi za kifuniko zimekula unene wa chuma palepale baruti inapokaa. Likipasuka halichaniki kama mfuko wa unga. Linakuwa vipande, na kila kipande ni risasi isiyojua adui ni nani. Nilimwambia aliache bomba lile kwangu. Mpaka leo liko gereji, nimelitia ufagio.

Wazoefu wana kanuni moja rahisi hata kwa asiyejua hesabu: pale nyuma, inapokaa baruti, unene wa ukuta wa chuma usipungue upana wa tundu. Tundu la inchi moja, basi chuma inchi moja huku, inchi moja kule, jumla inchi tatu kutoka nje hadi nje. Kiwe chuma cha pua kisicho na mshono. Chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, hakivimbi kukuonya, kinavunjika tu kama chungu. Na uwe na karatasi ya mtengenezaji inayosema mzinga huu ni wa kupigwa, kipimo chake cha baruti ni hiki. Uingereza wana nyumba maalumu za kujaribia mitutu, moja London na moja Birmingham; mtutu unapigwa kwa baruti iliyozidi kipimo, ukistahimili unagongwa muhuri. Usione aibu kuuliza karatasi. Ukinunua gari huulizi kadi?

Lakini kuna kauli moja nataka muikatae popote mtakapoisikia: "Huu nimeshaupiga mara nyingi, hauna shida."

Tarehe 28 Februari 1844, hapa hapa Marekani, meli ya kivita USS Princeton ilishuka mto Potomac na wageni kama 400, wakubwa wa serikali na familia zao. Ilikuwa na mzinga mkubwa mpya, na jina lake lilikuwa Peacemaker, yaani mleta amani. Waliupiga siku ileile, ukalia, watu wakashangilia. Wakala, wakanywa. Meli ikiwa inarudi, wageni wakaomba upigwe tena mara moja ya mwisho. Ukapasuka upande wa nyuma. Walikufa watu sita: Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur, Waziri wa Jeshi la Majini Thomas Gilmer, na wengine wanne, mmoja wao mtumwa wa Rais mwenyewe. Rais John Tyler alisalimika kwa sababu alikuwa bado chini, hajapanda sitahani. Je, mzinga ule ulikuwa haujapigwa? Ulikuwa umepigwa saa chache tu kabla! Chuma huchoka ndani kwa ndani.

Na karibu karne nne kabla ya hapo, mwaka 1460, Mfalme James II wa Uskoti alikuwa ameizingira ngome ya Roxburgh. Alikuwa mtu wa kupenda mizinga, hobi kama sisi. Akasimama karibu na mmoja wakati unapigwa. Ukapasuka. Miaka 29 alikuwa nayo. Ndiyo maana mkija uwanjani kwangu mtakuta nimechora mstari kwa chokaa, na hata mgeni rasmi hauvuki.

Tuje kwenye baruti.

Baruti nyeusi ni vitu vitatu ambavyo bibi zetu wote walivijua: shura, makaa na kiberiti, yaani salfa, siyo njiti. Kwa sababu ni vitu vya kawaida, kuna vijana wanadhani ni mapishi. Wanatazama video, wanasaga. Wadogo zangu, niwaeleze kitu nilichokiona kwa macho.

Kule Delaware, kando ya mto Brandywine, kuna vinu vya kale vya familia ya du Pont. Walianza mwaka 1802, wakawa watengenezaji wakubwa wa baruti nchi hii. Leo ni makumbusho. Nilikwenda na watoto. Utakuta majengo ya mawe yamejipanga ukingoni mwa mto, na kila moja lina kuta tatu nene ajabu, unene wa kumlaza mtu. Ukuta wa nne, unaotazama mto, haukuwa wa mawe. Ulikuwa mwepesi, na paa jepesi. Binti yangu akauliza: baba, hawakuwa na pesa za kumalizia? Walikuwa nazo. Walijua kuna siku kitalipuka, wakauchagulia moto njia ya kutokea: uende mtoni, usiende kwa kinu cha pili. Vililipuka kweli, mara nyingi, na watu walikufa. Hao walikuwa mabingwa, na waliijenga nyumba wakiwa wameshaandaa ukuta wa kupoteza. Wewe jikoni kwako umeandaa ukuta gani?

Basi baruti inanunuliwa, haisagwi. Inauzwa kwa kopo, na kopo lina herufi. Fg, FFg, FFFg: kadiri F zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na ndivyo inavyowaka mbio. Ile laini ni ya bastola na gobore nyembamba. Mzinga unataka punje kubwa, iwake pole pole, isukume badala ya kupiga kofi. Na kuna baruti ya kisasa ya risasi za kawaida, isiyo na moshi. Hiyo isikaribie mzinga wako hata kwa bahati mbaya. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyopandisha hasira, na mtutu unaostahimili baruti nyeusi miaka yote unaweza kupasuliwa na hiyo mara moja. Rafu moja isiwe na makopo ya aina mbili. Nimemaliza hapo.

Kuishika je? Vifaa vya shaba au mbao, visivyotoa cheche. Nguo za pamba. Hii ya nguo watu huidharau, lakini nyinyi mnaoishi kwenye baridi mnajua sweta la nailoni linavyolia likivuliwa gizani, linatoa vicheche. Vicheche hivyo hivyo. Sigara, usiniulize. Na kopo, kopo, kopo! Usimimine baruti kutoka kwenye kopo moja kwa moja hadi mdomo wa mzinga. Kamwe. Kukiwa na kaa dogo ndani, moto utapanda kwa mkondo wa baruti hadi kwenye kopo ulilolishika mkononi. Mimi hupima nyumbani, mchana, mezani, kwa kijiko cha shaba, kipimo cha mtengenezaji au chini yake, nafunga kila kipimo kwenye karatasi ya alumini ile ya kufungia nyama, navitia kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko. Sanduku linakaa mbali, upande upepo unakotokea, na lina mtu wake. Kazi ya mtu huyo ni kufungua, kutoa kimoja, kufunga. Hana kazi nyingine. Wa kwangu ni shemeji yangu, na kwa uvivu wake kazi hii ameipata.

Sasa nifike nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Watu wote huogopa mzinga unapolia. Wanaziba masikio, wanafumba macho. Na ni vizuri, zibeni. Lakini unapolia, kama chuma ni kizuri na mbele hakuna mtu, hatari imeshatoka na moshi. Mzinga huua ukiwa kimya. Huua ulipokwisha kulia, na huua ulipokataa kulia.

Kwa nini? Kwa sababu baruti nyeusi haiishi yote. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki masizi na moshi mzito. Tia mkono kwenye mtutu baada ya mlio mmoja, utatoka na uji mweusi unaonuka yai viza. Ndani ya uji ule, mahali fulani nyuma kabisa, kunaweza kuwa na kipande cha karatasi kinachowaka. Hukioni. Hakina moshi. Kinasubiri. Nawe unaleta kifurushi kipya cha baruti, unakishindilia mpaka kikiguse.

Sikilizeni kisa hiki, maana mimi nilipokisoma nilikaa kitako. Tarehe 12 Aprili 1861, alfajiri, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza pale Fort Sumter, bandari ya Charleston, South Carolina. Mizinga ilinguruma kwa saa 34. Makombora zaidi ya 3,000. Unajua walikufa wangapi katika mapigano yale? Hakuna. Hata mmoja. Saa 34 za kutupiana chuma, na hakuna aliyekufa! Kamanda wa ngome, Meja Robert Anderson, akasalimu amri kwa masharti, moja likiwa hili: kabla ya kuishusha bendera aipigie mizinga 100 ya heshima. Akakubaliwa. Tarehe 14, mapigano ya pale yamekwisha, watu wanatazama kutoka kwenye boti, bendi tayari. Katikati ya saluti, askari mmoja anashindilia kifurushi kipya, mzinga ukafyatuka mikononi mwake. Daniel Hough, mzaliwa wa Ireland. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa katika vita vile, na alikufa kwenye sherehe. Saluti ikakatwa, ikaishia 50.

Adui hakumuua. Saluti ndiyo iliyomuua. Na sisi tunapiga nini hapa Siku ya Jamhuri? Saluti.

Ndiyo maana ya ndoo. Kwanza naingiza chuma kilichosokotwa kama kizibuo cha chupa, nazungusha, natoa mabaki ya karatasi. Halafu fimbo yenye ngozi ya kondoo kichwani, imelowa maji yanachuruzika, inaingia mpaka nyuma kabisa, inazungushwa, inatoka. Mara mbili. Halafu ngozi kavu. Wakati wote huo mwenzangu ameziba kile kitundu cha juu kwa kidole gumba kilichovaa ngozi nene. Mnajua mvukuto wa mhunzi? Mdeki, yaani fimbo ya kusafishia na kushindilia, ukiingia mtutuni unasukuma hewa kama mvukuto, na hewa ikitokea kwa juu inalipuliza lile kaa likolee. Ukiziba, kaa linakosa pumzi. Baada ya hapo nasubiri. Dakika kumi. Ndiyo, kumi, mkikasirika kasirikeni. Halafu ndipo shemeji anafungua sanduku.

Unaposhindilia, simama ubavuni, usisimame mbele ya mdomo, hata mkono usipite mbele zaidi ya lazima. Mdeki ushike kwa vidole, na kidole gumba kiwe upande mmoja na wenzake. Usiukumbatie kwa ngumi, na usisukume kichwa chake kwa kiganja. Kwa nini? Mdeki ukitoka kwa nguvu, utateleza kwenye vidole. Kwenye ngumi utaondoka na ngumi.

Nawaambia haya kwa mdomo wa mtu aliyekosea. Mwaka wa pili, mzee ameniruhusu sasa niwashe mwenyewe. Nikashindilia, nikachomeka utambi, ule wa kijani, unaokwenda kama sentimita moja kwa sekunde. Nikawasha, nikarudi nyuma ya mstari, nikaziba masikio. Utambi ukasaga, ukasaga, ukaingia ndani ya kitundu. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Kunguru mmoja akalia juu ya mti. Mimi huyo, kwa akili zangu za Mombasa, nikaanza kutembea kwenda kuchungulia! Hatua tatu. Nikahisi shati limenikaba shingoni. Mzee wa miaka 70 na zaidi amenishika ukosi, amenivuta kama mwanambuzi. Hakupiga kelele. Akasema: kaa, tunywe kahawa.

Tulikaa nusu saa. Nusu saa nzima, mtu asisogee, mtoto asipite, mbwa amefungwa. Kisha akaenda yeye, kwa ubavuni, na kopo la maji lenye mdomo mrefu kama wa birika, akamimina maji kwenye kile kitundu, akamimina, akamimina, mpaka yakaanza kutoka mdomoni mwa mtutu meusi. Ndipo tukatoa kile kilichokuwa ndani. Na nini kilikuwa ndani? Vifurushi viwili. Nilikuwa nimeshindilia mara mbili. Wakati nikiongea na mke wangu niliona mzinga umesimama, nikadhani bado haujajazwa. Kile cha juu kilikuwa kizima. Cha chini kilikuwa kimelowa tangu mwanzo kwa sababu ngozi kavu nilikuwa nimeisahau. Kusahau kwangu kwa kwanza ndiko kulikoniokoa na kusahau kwangu kwa pili. Watu husema ajali haina kinga. Siku ile kinga yangu ilikuwa uzembe wangu mwenyewe, na hiyo haipatikani mara mbili.

Tangu siku ile mdeki wangu una nyuzi mbili zilizofungwa, nyekundu na nyeupe. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki unazama mpaka uzi mwekundu. Ukiwa na kipimo kimoja, unaishia kwenye uzi mweupe. Uzi mweupe ukibaki nje, basi kuna kitu kingine mle na hakuna mtu anawasha chochote. Uzi wenyewe ni wa kushonea, wa mke wangu, sijalipa chochote. Nao ndio kifaa cha thamani kuliko vyote nilivyo navyo.

Kule Cape Town wanapiga mzinga wa saa sita mchana tangu 1806, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Wanajaza miwili. Wa kwanza ukikataa, hakuna anayekwenda kuugombeza; wa pili unalia, jiji linarekebisha saa zake, na ule uliokataa unaachwa ukae kwanza.

Mengine nitayapitia mbio maana nanusa sambusa.

Anayeanza asitie kitu mbele ya baruti. Hakuna gololi, hakuna mpira wa gofu, hakuna kokoto. Mlio unatosha. Hata hivyo mlio mtupu una ulimi wa moto na una karatasi zinazoruka zikiwaka. London, tarehe 29 Juni 1613, jumba la michezo la Globe, lililokuwa la kina Shakespeare, lilipiga vizinga katikati ya mchezo ili kumkaribisha mfalme wa kuigiza. Kipande kinachowaka kikatua kwenye paa la nyasi. Watu waliona moshi, wakaendelea kutazama mchezo! Chini ya saa mbili jumba zima lilikuwa majivu. Hakuna aliyekufa, ila bwana mmoja suruali ilishika moto, akaizima kwa chupa ya bia. Kwa hiyo nyasi kavu, hapana. Upepo unaoelekea kwa watu, hapana. Ndoo ya pili ya maji, ndiyo. Na nyuma ya mzinga msikae, kwa sababu unaruka kwenda nyuma. Wangu una kilo kama kumi na tano na ulishanivunjia chungu cha maua cha mama watoto.

Sheria. Hapa Marekani sheria ya taifa inamruhusu mtu kuwa na baruti nyeusi ya kiwandani hadi ratili 50 bila leseni, kwa michezo na sherehe, kwa silaha za mtindo wa kale. Msishangilie. Jimbo lina yake, mji una yake, na mwenye nyumba uliyopanga ana yake kali kuliko zote. Mimi nina kopo moja tu, na kabla ya sherehe napiga simu kwa zimamoto na kwa polisi, kisha nagonga milango ya majirani. Pili, na hili nalisema polepole: kama karatasi zako za kukaa nchi hii bado hazijakamilika, usiguse hata kopo mpaka wakili wa uhamiaji akuambie. Sheria za baruti haziwatazami wageni kwa jicho wanalowatazamia wenyeji. Kizinga cha dola 400 kisije kikakurudisha nyumbani bila kukusudia.

Na mnaotuma mapipa na kontena Mombasa na Dar: hapana. Baruti haiingii kwenye pipa kati ya viatu na mchele. Haiingii kwenye begi la ndege. Kwetu baruti iko chini ya sheria za vilipuzi, na mzazi wako akikamatwa nayo bandarini hakuna hotuba yangu itakayomtoa.

Kuna swali ambalo mama mmoja aliniletea kwa karatasi: umri gani mtoto aanze? Mama, wa kwangu ana miaka 12, na kazi yake ni ndoo. Ameshaniuliza lini atawasha. Nimemwambia akiweza kuniambia, bila kuangalia, uzi upi ni upi na tumesubiri dakika ngapi, tutazungumza. Wiki iliyopita alinikosoa mbele ya wageni kwamba nimefungua sanduku dakika mbili mapema. Nilikasirika kidogo. Nikalifunga.

Haya, tutoke. Mzinga uko uwanjani, mstari wa chokaa nimeuchora upya asubuhi. Watoto washikwe mkono, wenye vifaa vya kusikia wavizime, na wale wenye mbwa wawarudishe garini. Nikipaza sauti "Masikio!" mzibe, hata kama uko kwenye simu na Mombasa. Nitapiga mara mbili tu. Na safari hii, ukisha kulia, nawaomba watu wawili wasikimbilie pilau. Nahitaji wa kubeba maji ya moto ya kuusafishia.